Kibati cha Lukumay

Lerionka Lukumay alipigwa panga mara kumi na moja, na mara tisa kati ya hizo alikuwa ameshalala chini. Nimehesabu mwenyewe. Video ile nimeitazama zaidi ya mara thelathini, na kila nikiitazama natamani kuingia ndani ya kioo nimkabe mtu koo. Mimi Evaresta ni mtu wa hasira, nalisema mapema ili usije ukanishangaa mbele ya safari. Mama yangu kule Rombo alizoea kusema hasira zangu ni moto wa mabua, unawaka kwa kishindo na kuzimika kabla maji ya chai hayajachemka. Mama alikosea.

Lerionka alikuwa katibu na mlinzi wa chama cha wafugaji wanaouza maziwa huko juu, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Kibanda chao kilikaa kwenye kiwanja ambacho Ephraimu, mwenye hoteli kubwa mjini Arusha, alikitaka ajenge nyumba za watalii. Wanachama waligoma kuhama, na Lerionka ndiye aliyesimama mbele yao. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, kabla wenye maziwa hawajafika, vijana watatu walimkuta akiosha madebe. Kwenye video, Ephraimu amesimama getini na koti lake la kijivu, mikono mifukoni. Kijana mwenye raba nyeupe ndiye anayekata. Lerionka anaanguka, anainua mkono wa kushoto kuufunika uso, na yule kijana anaukata mkono kwanza ili aufikie uso. Akimaliza anafuta panga kwenye majani, taratibu, kisha anaangalia kama raba zake zimechafuka.

Picha za kamera ya kibanda zilikuwa zinakuja kwetu Kijenge, kwenye kampuni ndogo ya Lengai Mollel ambako mimi ni fundi. Tunawakodishia watu seva, yaani mashine zinazokaa zimewashwa wakati wote zikitunza tovuti za shule, barua za mahoteli na rekodi za kamera. Ephraimu alipohojiwa alicheka. Wakili wake akasema siku hizi kompyuta inaweza kutengeneza video ya mtu yeyote akifanya lolote, hata marehemu wanaimbishwa kwaya. Nakala zetu zote zikageuka makapi. Mpelelezi akatuambia kilichobaki ni mashine yenyewe iliyorekodi, na kwamba isiguswe wala kuzimwa mpaka mtaalamu aje kutoka Dodoma kuikagua siku ya Jumatatu. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Basi haki ya Lerionka ikawa imebaki ndani ya droo moja ya chuma, na walinzi wake ni mimi na Lengai.

Droo hiyo lazima niieleze, kwa sababu damu yote iliyomwagika baadaye ilitokana nayo.

Kampuni kubwa hununua seva moja ya bei mbaya yenye prosesa ya kutisha, halafu huikatakata vipande na kuwagawia wateja hamsini. Lengai alikataa mtindo huo. Alichukua prosesa za kawaida za kompyuta za mezani, zile ambazo vijana wanazitafuta kwa ajili ya gemu, kila moja akaipa ubao wake, diski yake na droo yake, akabana droo kumi na mbili ndani ya kasha moja lisilozidi kimo cha ndoo. Kila mteja na mashine yake. Fundi mmoja kutoka Dar alipoliona kasha lile alicheka mpaka akakohoa. Lengai hakukasirika.

"Ng'ombe mmoja wa kizungu akifa, nyumba nzima inalala njaa," alimwambia. "Mimi nina kumi na wawili wa kienyeji. Akifa mmoja, tunakula nyama na maisha yanaendelea."

Lengai ni Mwarusha, ndugu wa Wamasai kwa lugha na mila, amelelewa kwenye zizi, na chuo hakikumtoa zizini. Hakubandika karatasi za majina kwenye droo zake. Alichukua tupa akachonga kibati cha mbele cha kila droo kwa alama ya mwenye mali, kama wanavyokata masikio ya ng'ombe kwao. Droo ya nne, ya chama cha maziwa, ilikuwa na alama ya ukoo wa Lukumay, kwa kuwa wafugaji wengi wa kule ni wa ukoo huo: pengo la pembetatu kushoto, mikato miwili kulia. Droo ya tisa ilikuwa ya hoteli ya Ephraimu. Ndiyo, muuaji alikuwa mteja wetu, tena wa miaka mitatu. Kwa kuwa hana ukoo wenye ng'ombe wa alama, Lengai alimtobolea tobo moja katikati. Siku mzee Ephraimu alipokuja kutembelea, Lengai alimwonesha vibati vyote kwa fahari, na mzee akacheka akasema Wamasai nyie mtatuua. Majirani wawili, mwenye damu na mwenye kuimwaga, wakakaa kasha moja wakila umeme mmoja.

Ijumaa nilipigiwa simu. Sauti ya kijana ikaniambia nichague kati ya ile mashine na macho yangu. Nilimtukana tusi ambalo nililitubu baadaye, nikakata. Halafu nikaogopa. Lengai alipotoka kwenda kula, nilichukua bisibisi nikafungua kibati cha nne na cha tisa, nikavibadilisha nafasi. Mashine zenyewe sikuzigusa, zilibaki zinanguruma kwenye nafasi zake. Niliwaza hivi: wakija, na mtu akawaonesha alama ya maziwa, watavunja hoteli ya bwana wao kwa mikono yao wenyewe.

Lengai sikumwambia. Kwao kubadili alama ya sikio ni kazi ya mwizi wa ng'ombe, angenirudishia bisibisi mkononi na kunisimamia mpaka nivirudishe. Tena hajui kudanganya, uso wake unasema kabla ya mdomo. Nilijiona nina akili kuliko nyumba nzima.

Walikuja Jumamosi saa nne asubuhi, wakapitia mlango wa nyuma. Prosesa kumi na mbili zilizobanana zinatoa joto la jiko, na Julai, baridi ya mlima ikishuka Kijenge, sisi huacha mlango wazi ili hewa ya Meru itufanyie kazi ya feni. Nilikuwa nimeinama kwenye kebo. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa raba nyeupe. Nilizijua zile raba kabla sijamwona mtu.

"Chini! Wote chini!" alisema mwenye raba. Mkononi ana panga. Nyuma yake jitu limeshika shoka, na nyuma ya jitu Lesian, ambaye nilimfahamu kwa sura: ndiye aliyekuwa akisimama kwenye geti la hoteli ya Ephraimu na shuka, shanga na rungu ili watalii wapige naye picha; kwenye video hakuwemo.

Lengai aliruka kumfuata mwenye panga. Jitu likampiga mpini wa shoka mdomoni, nikasikia meno. Akaanguka juu ya kiti, kiti kikavunjika. Walimwinua wakampiga tena, tumboni, mbavuni, kwenye figo, mpaka akatapika damu na chai ya asubuhi. Mimi nilifungwa mikono kwa mbele na kebo zangu mwenyewe, nikasukumwa kwenye kona penye mtungi wa kuzimia moto.

"Brian, tuvunje zote tusepe," lilisema jitu likiangalia kasha.

"Una wazimu? Ya mzee imo humo humo. Wageni wa msimu mzima wamo humo. Ukiigusa, tunazikwa sisi." Brian, yule mwenye raba, akamgeukia Lengai. "Ya maziwa ipi, mzee baba?"

Lengai akatema jino. Brian akauvuta mkono wake wa kulia juu ya meza, akachukua nyundo yetu, akapiga kidole kidogo. Lengai hakupiga kelele, alivuta pumzi ndefu tu.

"Ipi?"

"Layoni wewe," Lengai alimwambia, yaani kivulana kisichotahiriwa. Kwa Mwarusha hakuna tusi linaloshuka chini ya hapo. Kidole cha pili kikaenda.

Hapo ndipo ujanja wangu ulipoanza kunila. Kila nyundo iliyoshuka, iliteremka bure. Laiti angesema, Ephraimu angevunjiwa hoteli yake na sisi tungeokoka. Nikapiga ukelele, "Kaka Lengai, waambie! Waambie tu!" Akanitazama kwa jicho lililobaki wazi, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu ninayempenda. Kidole cha tatu. Nikashindwa.

"Ni ile yenye tobo... hapana, yenye pengo!" nilijikwaa kwa woga. "Yenye pengo la pembetatu! Vunjeni mwende!"

"Manka," Lengai alisema polepole, akitumia jina la utani alilonipa kwa Uchaga wangu, "umemuuza maiti."

Brian alinitazama, akatabasamu. "Dada umeharakisha sana. Mzee alisema mna lugha yenu ya ng'ombe humu, ndiyo maana tumekuja na Mmasai. Lesian, soma."

Lesian akaja mbele ya kasha. Mpaka dakika ile sidhani alijua amekuja kufanya nini. Baadaye tuliambiwa alielezwa kwamba mafundi wa Kijenge wameiibia hoteli. Akapitisha kidole kwenye kingo za vibati, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayekagua mifugo mnadani. Alipofika kwenye pengo la pembetatu na mikato miwili, kidole kikasimama. Ilikuwa alama ya nyumba yao. Lesian naye ni Lukumay.

Akamwuliza Lengai kitu kwa Kimaa, kwa sauti ya chini. Kimaa changu hakizidi salamu, lakini katika jibu la Lengai nilisikia jina moja, Lerionka, na nikaona Lengai analia.

"Ongeeni Kiswahili!" alisema Brian. "Ni mashine ya yule mjinga wa maziwa tunayoitafuta. Ipo au haipo?"

Pale hotelini kwao walikuwa wameambiwa Lerionka aliuawa na wezi wa mifugo. Lesian aliangalia zile raba nyeupe, akaangalia panga, kisha akaondoa mkono kwenye kile kibati.

"Dada anadanganya," alisema. "Hii yenye pengo ni ya hoteli. Ya maziwa ni hii, yenye tobo."

Yule kijana alikuwa ameona alama ya ukoo wake na akaikinga kwa uongo, akiwa peke yake kati ya panga na shoka. Ulikuwa uongo wa kishujaa, na ulikuwa unaelekea kumwua Lerionka mara ya pili, kwa sababu nyuma ya lile tobo, mimi mwenye akili nyingi, nilikuwa nimeficha mashine ya maziwa. Ningefanya nini? Nikisema siyo hiyo, Brian atazidi kuamini kuwa ndiyo. Nikisema ukweli wote, Lesian anakatwa papo hapo, na diski inavunjwa vilevile.

Jitu likainua shoka.

Niliukamata ule mtungi kwa mikono yangu miwili iliyofungwa, nikaruka. Nililipiga jitu kisogoni. Shoka likadondoka likachana ukingo wa meza, na jitu lenyewe likaenda chini kwa magoti, likanyanyuka, likayumba hadi mlangoni na kukimbilia uani. Brian akanigeukia. Panga lilikuwa limeshakuja juu yangu Lesian alipojitupa katikati akamkumbatia kiunoni. Brian akalishusha panga shingoni mwake, akalichomoa, akalishusha tena. Shanga zikakatika zikamwagika sakafuni. Lesian akateremka akaketi, mgongo kwenye kasha, mkono umeshika shingo, na damu ikapita katikati ya vidole kwa kuruka, kisha kwa kutiririka tu.

Brian akavuta mguu aje kwangu. Zile raba zikateleza kwenye damu na shanga, akaanguka chali, panga likaruka mbali chini ya kabati.

Nilimpiga begani. Nikampiga mbavuni, akajikunja. Hapo nilisimama. Panga hana, jitu limekimbia, kazi ilikuwa imekwisha, na mimi nilijua kwamba imekwisha. Brian akainua mkono wake wa kushoto akaufunika uso. Ulikuwa mkono uleule, namna ileile, kama nilivyouona mara thelathini kwenye kioo. Nikaupiga mkono kwanza ili niufikie uso.

"Evaresta!" Lengai alikuwa anapiga kelele. "Basi! Amekwisha! Evaresta!"

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu. Nilipoacha, mtungi ulikuwa unavuja povu jeupe, na povu likawa la waridi pale chini. Mashine zote kumi na mbili zilikuwa bado zinanguruma. Lesian alikuwa ameshakufa, macho wazi, kichwa kimeegemea kibati cha Lukumay.

Kabla ya kupiga simu yoyote Lengai alijiburuta mpaka kwenye kamera iliyo juu ya mlango, akaiangalia, akaniangalia. Kamera ile ni yetu, inarekodi kwenye droo ya saba.

"Ifute, Manka," alisema. Midomo imevimba, maneno yanatoka kwa taabu. "Tutasema alianguka vibaya. Mimi shahidi."

Nilikaa mbele ya kioo. Nilirudisha nyuma nikajiona. Mara ya kwanza na ya pili, mtu yeyote angesema nilijitetea. Kisha yule mwanamke anasimama, anatazama, anapumua. Kisha anapiga mara tano. Nilitaka kufuta, usidhani mimi ni malaika. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Ila nilijua Jumatatu mtaalamu atalikagua kasha zima, atakuta pengo la dakika kumi kwenye droo ya saba, na wakili wa Ephraimu atasimama aseme: si niliwaambia? Hawa watu kazi yao kuchezea rekodi. Na Lerionka atakuwa amekufa bure, na Lesian juu yake.

"Sifuti," nilisema.

Tukiwa tunasubiri polisi nilimweleza kuhusu vibati. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameupakata mkono wake wa kulia, vidole vitatu vimegeuka rangi ya zambarau.

"Kwa hiyo ningesema tangu kidole cha kwanza..."

"Ndiyo, kaka."

"Na huyu kijana angesema kweli..."

"Ndiyo."

Akamtazama Lesian. "Ulidhani ningekataa."

"Ungekataa."

"Ningekataa," alikubali. "Tungegombana. Halafu ningejua."

Brian alikufa Jumapili jioni bila kufumbua macho. Jumatatu mtaalamu alifika na mihuri yake, akalitazama kasha lenye damu iliyokauka, akakuta droo ya nne haijaguswa hata sekunde moja. Ephraimu alikamatwa Jumanne. Jitu likakamatwa wiki hiyo hiyo, nalo likasema yote. Mimi nilichukuliwa siku hiyo hiyo ya Jumamosi, nikakaa mahabusu miezi kumi na minne nikisubiri zamu yangu.

Kesi ya Ephraimu ilitangulia, nikaletwa kueleza mashine zetu zinavyofanya kazi. Walipoonesha video ya kibanda cha maziwa watu wengi walitazama chini, na wanawake wawili walitoka nje. Namnyaki, mjane wa Lerionka, alikuwa benchi la mbele na shuka yake ya bluu. Hakufumba macho. Mapigo kumi na moja yote aliyatazama, kidevu juu, na yalipoisha akamgeukia Ephraimu akamtazama mpaka mzee akainamisha kichwa. Ephraimu alipopatikana na hatia, Namnyaki alinipungia mkono, nami nililia kwa furaha mbele za watu bila aibu.

Kesi yangu ilikuja baada ya wiki tatu. Lengai alikaa nyuma, vidole vimepona vikiwa vimepinda. Namnyaki alikuja tena, akakaa benchi lile lile, na kabla hatujaanza alinijia akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, niko hapa," aliniambia. Nilijisikia nina mama chumbani mle.

Wakazima taa, wakaonesha droo ya saba. Sikuangalia kioo, yaliyomo nayajua. Nilimwangalia yeye. Alilitazama shoka likiinuliwa. Alimtazama Lesian akikatwa, machozi yakamtiririka lakini macho yakabaki wazi. Alitazama Brian akianguka, na nikaona midomo yake inajikaza kwa kuridhika, sitasema uongo. Alinitazama nikipiga mara ya kwanza, na ya pili.

Kisha Brian akainua mkono wa kushoto kuufunika uso, na Namnyaki akafumba macho.